Kabla hujashika bomba: kutafuta kinachokula tungule, biringani na mchicha wako

Masika yakimalizika, na tena jua la kaskazi likianza kuchoma, watu huja dukani kwangu na majani mkononi. Mwingine kayafunga kwenye ncha ya kanga, mwingine kayatia mfukoni tangu alfajiri, yakifika yamesinyaa hata hayajulikani ni ya biringani au ya bamia. Maneno ni yaleyale: "Nipe dawa kali." Nami huuliza, kali ya nini? "Ya wadudu." Nikilipindua jani, mara nyingi hakuna mdudu hata mmoja.

Mimi nauza dawa, na ningependa kuuza zaidi. Lakini chupa isiyolingana na ugonjwa humrudisha mteja baada ya wiki akiwa na hasira na shamba bovu zaidi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na jani nalo lina mvungu wake. Hapa nimeyapanga matatizo kama yanavyoletwa, kwa dalili, nikianza na sababu ya kawaida na kumalizia na ile ya nadra.

Kwanza, dakika kumi shambani

Beba karatasi nyeupe, kisu, glasi ya maji safi na simu yenye kamera. Ukipiga picha kisha ukaikuza, simu inakuwa kioo cha kukuzia. Nenda asubuhi jua halijapanda, na rudi mara moja baada ya isha na tochi, kwa sababu sota, konokono na nondo wengi hawaonekani mchana.

Usiiname bado. Simama ukingoni utazame shamba zima. Kama mimea yote imebadilika kwa pamoja, tuta hadi tuta, ndani ya siku moja au mbili, anza kushuku maji, chumvi, mbolea au dawa iliyopulizwa. Wadudu na maradhi huingilia pembeni au huanza sehemu moja, kisha hutambaa. Halafu tazama kama ubaya umeanzia majani ya chini au machipukizi. Ukianzia chini, fikiria ukungu au njaa ya naitrojeni. Ukianzia juu, fikiria wadudu wanaofyonza na virusi. Na kama shamba liko ardhi ya maweni na jani changa limegeuka manjano huku mishipa yake imebaki kijani, huo ni upungufu wa chuma: ardhi yenye chokaa nyingi huifungia mizizi madini hayo. Hakuna dawa ya wadudu itakayolirudisha jani hilo.

Miche inaanguka kitaluni

Kamata mche ulioanguka, utazame pale unapokutana na udongo.

*Shina limekonda kama uzi, lina majimaji na rangi ya kahawia, lakini halijakatwa.* Hicho ni kinyausi, ukungu wa udongo. Huanza kama kisahani kidogo katikati ya kitalu, kesho ni sinia. Huletwa na mbegu zilizosongamana, maji ya jioni, na makuti ya kivuli yaliyoachwa mpaka miche inatafuta jua. Acha kumwagilia kwa siku moja, punguza kivuli, chota miche ya kisahani hicho pamoja na udongo wake na upana wa vidole viwili pembeni yake, ukaitupe mbali. Kuanzia hapo mwagilia asubuhi tu. Dawa ya kopa (yenye madini ya shaba) ikimwagiwa kwenye udongo huchelewesha ukungu usisambae, lakini haimwinui mche uliokwisha kulala. Kitalu kijacho mimina maji yanayochemka juu ya udongo kabla ya kusia, uache upoe kabisa, kisha sia kwa mistari.

*Shina limekatwa safi, kama kwa mkasi.* Fukua kidole kimoja au viwili kuzunguka mche. Utamkuta sota, kiwavi mnene wa rangi ya udongo anayejikunja kama pete akiguswa. Muue hapohapo. Zungushia miche iliyobaki kola ya karatasi ngumu, nusu izame ardhini. Kwa kitalu cha nyumbani hiyo inatosha.

*Majani yamekwanguliwa na kuna ute unaong'aa.* Konokono. Tandaza ganda la papai au ubao wenye unyevu jioni, alfajiri inua uokote. Tafadhali, usimwage chumvi. Kuna aliyeokoa miche kwa konokono akaiua kwa chumvi, na tuta lile halikuotesha kitu mpaka mvua iliposhuka.

Majani yamejikunja, yamekuwa madogo na ya manjano

Hili ndilo lalamiko kubwa kwa tungule na pilipili, na ndilo watu wanalolipoteza kwa kungoja.

Sababu ya kwanza ni nzi weupe pamoja na virusi wanaowabeba. Tikisa mtungule: kama vinaruka vijidudu vyeupe kama unga wa muhogo kisha vinarudi chini ya majani, ndio hao. Virusi wa mkunjo wa majani huufanya mmea udumae, majani yakunjike juu kama kijiko, kingo ziwe njano, maua yadondoke. Wengine wanauita rasta. Dalili huonekana wiki mbili tatu baada ya mmea kuumwa, kwa hiyo unapoona shambani, mara nyingi kosa lilifanyika kitaluni.

Mmea ulioambukizwa hauponi. Hakuna chupa. Ung'oe, uufunge kwenye polo hapohapo ulipo ili nzi wasirukie jirani, uutoe shambani. Kama walioambukizwa ni wachache na mimea bado midogo, kung'oa kunasaidia. Kama nusu ya shamba imekunjika na maua yameshatoka, kung'oa hakutakurudishia kitu. Vuna unachoweza, kisha safisha yote kwa siku moja. Usiache mitungule mikongwe imesimama kando ya miche mipya, na hili nawaambia hasa wanaopanda kwa awamu ili wawauzie mahoteli mwaka mzima. Ukifanya hivyo unafuga ugonjwa mwenyewe.

Kinga ni wavu wa kitalu. Chandarua cha mbu hakifai, vitundu vyake ni vikubwa kwa nzi weupe, na chandarua kina kazi yake kitandani. Nunua wavu maalumu wa kuzuia wadudu, uzike kingo zake udongoni, na ufungue asubuhi kwa muda mfupi tu. Shambani tundika vibao vya njano vilivyopakwa grisi. Havimalizi nzi, lakini vinakwambia wameingia.

Sababu ya pili ni vithiripi na utitiri, hasa kwenye pilipili. Gonga chipukizi juu ya karatasi nyeupe. Vijiti vidogo vinavyotembea haraka ni vithiripi. Vitone vinavyosogea polepole ni utitiri. Kuna utitiri mwingine mdogo zaidi ambao hata jicho halimwoni: jani la juu linakuwa jembamba, linakunjika kuelekea chini, na upande wa chini unang'aa rangi ya shaba. Huyo wengi humdhania virusi wakang'oa mipilipili ambayo ingepona kwa salfa.

Vidukari ni wa tatu, na hawa wana wapambe. Ukiona chungu wanapanda na kushuka shina moja kwa foleni, wafuate. Watakupeleka kwenye kundi la vidukari, wanaowakamua utamu wao. Utamu huo ukidondokea majani, ukungu mweusi kama masizi huota juu yake. Masizi hayo hayali mmea, yanaoshwa. Vidukari ni wepesi kuwaondoa: sugua kwa vidole, au pulizia maji ya sabuni ya mche, gramu 50 za sabuni iliyokwanguliwa kwa lita 10. Jaribu kwanza majani mawili, ungoje siku moja. Ukiona dudukobe mwekundu mwenye madoa meusi kati yao, mwache, hao ni chakula chake.

Kuhusu chungu, maji moto, wale chungu wekundu wanaojenga viota vya majani mitini, ni habari nyingine. Wachumaji karafuu wa Pemba wanawajua kwa machungu, lakini kwenye minazi ndio wanaomfukuza kunguni anayeangusha vidaka. Kiota chao kwenye mti ulio kando ya shamba la mboga si lazima ukichome. Ila huyohuyo maji moto hufuga wadudu magamba kwenye mkarafuu, basi msimpe utakatifu.

Sababu ya nne hakuna anayeikiri: bomba lililopulizia dawa ya magugu. Majani yanajipinda kama utepe, mishipa inakaa sambamba, na ubaya umefuata njia uliyopita ukipulizia. Mabaki kidogo tu ya dawa ya magugu yanatosha. Bomba la magugu liwe la magugu peke yake, lipigwe alama ya rangi.

Majani yana vidoa vya mchanga, yanafifia, yana utando

Utitiri mwekundu. Nimeupa sehemu yake kwa sababu uliniaibisha mwenyewe.

Nilikuwa na matuta sita ya biringani wakati wa kaskazi. Majani yalianza kufifia, kama yaliyonyunyiziwa mchanga mwembamba. Sikupindua jani. Nilichukua dawa ya jamii ya pairethroidi kutoka rafu yangu mwenyewe, ileile niliyokuwa nikiwauzia watu kwa viwavi, nikapulizia mara mbili ndani ya siku kumi. Wiki iliyofuata kulikuwa na utando kutoka jani hadi jani, na nilipouweka mkono kwenye jua niliona vitone vyekundu vinatembea kwenye nywele za kidole. Niliwaua dudukobe na utitiri wazuri wanaowawinda, utitiri mbaya ukabaki na shamba lote.

Utitiri si mdudu, ana miguu minane kama buibui jamaa yake. Dawa nyingi za wadudu hazimwui, na pairethroidi humwongeza. Penye joto kizazi kizima humalizika kwa wiki moja hivi, ndiyo maana jana palikuwa na doa na leo ni tuta zima. Anza na maji: rusha maji kwa nguvu chini ya majani asubuhi, siku tatu mfululizo. Kata majani yaliyojaa utando, usiyaburute katikati ya matuta. Yasipotosha, tumia salfa au dawa iliyoandikwa wazi kwamba ni ya utitiri, na rudia baada ya siku saba kwa sababu mayai hayafi. Salfa isipulizwe jua likiwa kali. Joto likizidi nyuzi 30 hivi huunguza majani, hasa matango na matikiti. Wala isikaribiane na dawa yenye mafuta, mwarobaini ukiwemo. Acha wiki mbili kati yao.

Majani yana matundu

Hapa sitakaa. Vitundu vidogo vingi kama vilivyopigwa na sindano kwenye bamia, biringani au mchicha: vijidudu vigumu vinavyoruka kama viroboto. Mmea mkubwa huvumilia. Matundu makubwa na kinyesi cheusi: viwavi, waokote. Majani ya mchicha yaliyoshonwa pamoja kwa uzi: kiwavi yuko ndani, finya jani. Kabichi yenye madirisha ya ngozi nyembamba na viwavi vidogo vya kijani vinavyoning'inia kwa uzi vikiguswa: nondo mgongo almasi, ambaye amezizoea dawa nyingi, kwa hiyo anza na dawa ya bakteria wa Bt au mwarobaini.

Mwarobaini tunao kila kitongoji na tunautumia ovyo. Twanga mbegu kavu zilizomenywa, gramu 500 kwa lita 10 za maji, loweka usiku kucha, chuja kwa kitambaa, tia sabuni kidogo, na pulizia jioni, maana jua huiharibu. Haiui papo hapo. Kiwavi huacha kula kwanza, kisha hushindwa kujivua ngozi. Mtu anayetazama baada ya saa mbili huniambia mwarobaini ni uongo.

Mchicha una onyo lake. Unavunwa wiki tatu nne tu baada ya kusia, na dawa nyingi zina siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Dawa ya siku 14 ikipulizwa leo na mchicha ukauzwa keshokutwa, mlaji anakula dawa. Kwa mchicha kazi ni mkono, sabuni, mwarobaini na Bt. Mengine nakataa kuuza nikiambiwa ni ya mchicha.

Jani la tungule lina mabaka meupe kama limemenywa

Kwanza tofautisha. Kama ni kijinjia chembamba kinachopindapinda mithili ya mwandiko, huyo ni funza wa nzi mdogo mchora majani. Hudhuru kidogo, na nyigu wadogo humla. Kama ni baka pana, angavu, na ukilinyanyua kuelekea jua unaona kiwavi ndani na vinyesi vyeusi, na tungule zina vitobo vidogo karibu na kikonyo, huyo ni Tuta absoluta, bara wanamwita kantangaze. Asili yake ni Amerika Kusini, na Tanzania aliripotiwa 2014 upande wa kaskazini.

Kizazi chake humalizika kwa takriban wiki nne, na kiwavi hukaa ndani ya jani au tunda, mahali dawa ya kugusa haimfikii. Fanya hivi: chuma majani yenye mabaka kila baada ya siku tatu, chuma tungule zilizotobolewa hata kama ni mbichi, zike zote kwenye shimo la dhiraa moja. Weka beseni la maji yenye sabuni na kinasa cha harufu ya nondo jike juu yake. Nondo dume huzama. Beseni likikusanya nondo wengi usiku mmoja, ndipo dawa ina maana, na iwe inayopenya jani, ibadilishwe kundi, yaani namna inavyomwua mdudu, kila kizazi. Namba ya kundi imeandikwa kwenye kibandiko cha chupa nyingi. Majina mawili ya dukani yakiwa na namba moja, hujabadilisha kitu.

*Simama hapa:* ukishapulizia makundi mawili tofauti kwa usahihi na bado kiwavi yu hai ndani ya jani, usiongeze kipimo. Mwite bwana shamba au bibi shamba wa shehia.

Madoa na unga kwenye majani

Ukungu nao una majira yake, na majira peke yake yanakupa nusu ya jawabu.

Masika na vuli, jani likiwa na maji mpaka saa nne asubuhi, tegemea bakajani. Kwenye mitungule tunaiona zaidi bakajani tangulia: doa la kahawia lenye duara ndani ya duara, kama pete za gogo lililokatwa, kuanzia majani makongwe ya chini. Kata majani yote yanayogusa udongo, simamisha mmea kwa mti, tandaza nyasi kavu ili tone la mvua lisirushe udongo kwenye jani, na maji yaende shinani. Baada ya hapo ndipo mankozebu au kopa, kila siku 7 hadi 10, na tena mvua kubwa ikishaosha. Dawa hizi ni za kinga, zinalifunika jani zima kama koti. Doa lililokwisha kuwa kahawia halirudi kijani, kwa hiyo usipime dawa kwa madoa ya zamani. Tazama majani mapya.

Kwenye mitango na mimung'unye, madoa ya njano yenye pembe, yaliyobanwa na mishipa, na asubuhi mapema upande wa chini una vinyoya vya kijivu, ni ubwiri vinyoya. Huu unakwenda mbio: siku tano na shamba limekauka kama lililopitiwa na moto. Salfa haiugusi. Unahitaji dawa mchanganyiko yenye metalaksili na mankozebu, mapema, na nafasi zaidi kati ya mimea msimu ujao.

Kipupwe na kaskazi, unga mweupe juu ya jani kama uliopakwa poda ni ubwiri unga. Huu hauhitaji jani kulowa, ndiyo maana hutokea wakati watu wanasema "lakini hakuna mvua". Ukiwahi, maziwa sehemu moja kwa maji sehemu tisa, yakipulizwa asubuhi yenye jua kila wiki, husaidia kwenye matango na maboga. Wateja hucheka mpaka wajaribu. Umeenea? Salfa, kwa masharti niliyosema juu.

Madoa yaliyozama kwenye pilipili au tungule mbivu, yenye vidonge vya rangi ya waridi katikati, ni chule. Okota matunda hayo, na usichukue mbegu kwenye matunda ya shamba hilo, kwani hupitia mbeguni.

Mmea umenyauka, udongo una maji

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa sababu watu humwagilia mgonjwa anayekufa kwa maradhi ya mizizi.

Jaribio la kwanza halina gharama: tazama saa kumi na mbili asubuhi. Mmea unaonyauka saa saba na kuamka alfajiri una kiu au mizizi yake ni mifupi. Usioamka, ung'oe.

Mizizi ikiwa na vifundo kama shanga zilizotungwa vibaya, ni minyoo fundo. Ardhi ya kichanga ndiyo makazi yake. (Vifundo vidogo vinavyobanduka kirahisi kwenye kunde ni vya heri, vinatega naitrojeni, hivi vingine ni mzizi wenyewe umevimba.) Baada ya tungule usipande bamia, tango wala biringani, wote ni ndugu wa mnyoo huyo. Tia samadi iliyooza, panda mahindi au vitunguu msimu mmoja, na kwenye jua la kaskazi funika tuta lililolowanishwa kwa nailoni angavu, kingo zimefukiwa, wiki nne hadi sita.

Mizizi ikiwa safi, kata shina kipande cha kidole juu ya udongo, ulining'inize ndani ya glasi ya maji bila kulitikisa. Ngoja dakika tano. Siku moja mzee wa Bambi alikuwa ananibishia kwamba ugonjwa wake ni ukungu. Tulikata shina tukaliweka kwenye glasi ya chai juu ya meza. Kabla hajamaliza sentensi, nyuzi nyeupe kama maziwa zilianza kushuka kutoka kwenye mkato, taratibu, moja kwa moja hadi chini. Akanyamaza akaitazama. Huo ni mnyauko bakteria. Mmea hufa ukiwa bado kijani, kwa siku chache.

Glasi ikibaki safi, pasua shina kwa urefu. Mstari wa kahawia chini ya ganda, na majani yaliyoanza njano upande mmoja: mnyauko fuzari, huo ndio ukungu. Na kama shinani kuna utando mweupe wenye vipunje vya kahawia kama haradali, ni ukungu wa shina unaopenda joto na takataka mbichi. Ondoa mmea na udongo wake.

*Simama hapa:* mnyauko bakteria na fuzari havina dawa ya kupulizia. Usinunue yoyote, hata kwangu. Ng'oa, usitupe kwenye jaa linalogeuka mbolea, osha jembe na viatu kabla ya kuingia tuta jingine, na usiruhusu maji ya tuta hilo kutiririkia kwa jirani. Tungule, biringani, pilipili na viazi mbatata visipandwe hapo kwa misimu kadhaa. Peleka sampuli kwa watu wa utibabu wa mimea wa Wizara ya Kilimo au kituo cha utafiti Kizimbani, kwa sababu uamuzi wa kupanda nini baada ya hapo ni wa miaka.

Tunda linaoza

*Kitako cheusi, kikavu, kimezama, tungule bado mbichi.* Si mdudu wala ukungu. Tunda limekosa kalisi (kalsiamu), na hapa kwetu watu huambiwa wamwage chokaa. Ardhi ya maweni yenyewe ni chokaa! Kalisi ipo, kinachokosekana ni maji ya kuifikisha: leo tuta limefurika, kisha siku nne kavu. Urea nyingi huzidisha, na chumvi pia. Shamba lililo karibu na pwani, kisima kikivutwa sana kiangazi, maji ya bahari huingia chini kwa chini. Utaona kingo za majani zimeungua na ukoko mweupe juu ya udongo. Mwagilia kidogo kila siku, saa ileile, tandaza nyasi, pima maji ya kisima.

*Tango limepinda, lina kitone chenye utomvu, ndani kuna funza wanaoruka.* Nzi wa matunda. Ameshataga chini ya ganda, kumpulizia juu ni kazi bure. Okota kila tunda bovu, lililodondoka na lililoning'inia, kila siku, uzike dhiraa moja. Funza akifika udongoni hutoka nzi mpya. Vika matango machanga mifuko ya gazeti mara ua likisinyaa. Mitego ya harufu huvuta madume tu, kwa hiyo iongezee chambo cha protini kilichotiwa dawa, kinachopakwa kwa matone pembeni ya shamba, ambacho majike nao hukifuata.

*Biringani lina tundu, na vichipukizi vimelala.* Kipekecha. Kata kila chipukizi kilicholala, sentimita tano chini ya pale kilipolegea, kiwavi yumo.

Nimepulizia na haijafanya kazi

Nikiulizwa hivi, huuliza kwa mpangilio huu: Ulilenga chini ya jani au juu tu? Pua ya bomba inatoa ukungu au matone? Ulipima kwa kizibo cha soda au kwa kipimo cha chupa? Mvua ilinyesha baada ya muda gani? Dawa ilimiminwa kwenye chupa nyingine, bila kibandiko? Kwa maswali hayo matano wengi hupata jawabu wenyewe. Usugu wa wadudu huwa wa sita, ingawa ndio unaotajwa kwanza.

Dawa iliyomiminwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, bila jina, usiinunue hata kwa nusu bei.

Wakati wa kuacha kila kitu

Tazama mkanda wa rangi chini ya kibandiko: nyekundu ni sumu kali mno, kisha njano, buluu, kijani. Dawa yenye mkanda mwekundu haina kazi kwenye mboga ya nyumbani. Pulizia jioni upepo ukitulia, pia kwa ajili ya nyuki wanaochavusha matango. Vaa mikono mirefu, glavu, viatu vya mvua, barakoa. Watoto na kuku wawe mbali.

Ukiona jasho jingi, mate, kichwa kuuma, macho kuona ukungu, mkono kutetemeka, au mboni imekuwa ndogo kama ncha ya sindano, weka bomba chini. Vua nguo zote zilizoloa, osha ngozi kwa maji mengi na sabuni, na nenda hospitali ukiwa na chupa yenyewe mkononi. Mtu aliyekunywa dawa asitapishwe wala kupewa maziwa njiani, apelekwe.

Na unapompelekea mtaalamu sampuli, yako au ya jirani: ng'oa mmea mzima na mizizi yake na konzi ya udongo, uchague ulioanza kuugua, si uliokwisha kufa. Ufunge kwenye gazeti kavu, usiulowanishe, usiutie mfukoni. Andika aina ya mbegu, siku uliyopanda, na kila ulichopulizia, hata kile unachoona haya kukitaja.